Breki ya Mwisho Kasese

Jumatatu, 8 Septemba

Magunia ya maharage tena. Lori mbili za Hajji, kutoka mpakani mpaka stoo. Mgongo unawaka.

Jioni kwa Mama Masika, muuza chai, kama kawaida. Meza ya pool iko pale barazani, imeinamia upande wa barabara kama mlevi. Leo tulicheza mipira tisa, anayezamisha namba tisa ndiye mshindi. Wa mwisho kupigwa alikuwa dereva wa Hajji, yule mwenye kitambi na maneno. Nilipiga breki, ule mpigo wa kwanza wa kuvunja mipira, namba tisa ikazama hapo hapo. Mchezo umekwisha na yeye hajagusa hata chaki. Nikafagia meza kwa mkono, mipira ikatawanyika huko na huko. Kwa Mama Masika ndiyo heshima yetu: aliyeshinda anafagia, aliyeshindwa anapanga. Alipanga huku anatukana. Raha sana.

Bwera nzima hakuna mwenye breki kama yangu. Naandika hapa kwa sababu nikisema nje wanasema najisifu. Najisifu, ndiyo. Sasa?

Jumatano, 10 Septemba

Habari kubwa. Klabu moja ya Kasese mjini imeleta meza mpya, wanatafuta kijana mmoja wa mipira tisa. Mashindano ni Jumamosi na Jumapili. Atakayeshinda anahamia klabu. Analala huko, anafundisha wateja, anaenda Kampala na timu yao. Mmoja tu.

Basi ni mimi. Magunia, kwaheri.

Kambale naye anakwenda. Kambale ni rafiki yangu, mtoto wa Butembo, Kongo, alivuka mpaka na shangazi yake. Wanauza vitenge sokoni. Breki yake ni ya bibi kizee. Anagonga kama mtu anayebisha mlango wa padri. Nilimwambia aje tu anibebee fimbo. Akacheka. "Muhindo, kinywa yako iko na nguvu kupita mukono."

Wivu.

Ijumaa, 12 Septemba

Kasese. Nalala kwa mjomba.

Meza zao zimenyooka kama maji kwenye beseni. Ndefu pia. Kitambaa hakina hata tundu moja la sigara. Nilivunja mara chache kujaribu, watu wakageuka kuangalia. Vizuri. Waangalie.

Halafu tukakalishwa kwenye benchi, refa akatusomea sheria. Ni mwanajeshi mstaafu, wote wanamwita Afande. Mpira mweupe ukae ndani ya kisanduku kilichochorwa. Namba moja ndiyo iguswe kwanza. Ukivunja, mipira mitatu iingie shimoni au irudi mpaka ule mstari tunaopigia, la sivyo breki ni mbovu na mwenzako anachukua meza. Hayo niliyasikia. Akaendelea, akaendelea. Mimi nilikuwa nimeshamgeukia jamaa wa Karusandara aliyevaa glavu mkono mmoja. Nikamuuliza ile nyingine kamwachia mke wake aoshee sufuria? Benchi yote ikacheka.

"Wewe wa Bwera! Funga bakuli!"

Nikafunga. Kambale alikuwa anasikiliza kama yuko misani.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo nimeona cha moto.

Niko na breki yangu ya ujanja. Unapiga polepole, unaikata namba moja kidogo upande, na mpira wa pembeni unaingia shimoni wenyewe. Mechi ya kwanza nikaitumia. Mpira ukaingia. Nikaanza kupaka chaki nimalizie. Afande: "Breki mbovu. Umeingiza mmoja, hakuna mwingine uliorudi kwenye mstari. Toka mezani." Nikabishana. Akasema nikiongeza neno narudi Bwera kwa miguu. Yule mwenzangu akamaliza meza. Nilishinda mechi ile kwa tundu la sindano, tano kwa nne. Niliogopa kweli. Hiyo sitamwambia mtu.

Nikaacha ujanja. Nguvu tu. Mabega ya magunia haya. Yule wa glavu nilimvunjia mipira ikalia kama mabati kwenye mvua ya mawe. Tano kwa moja. Aliyefuata naye, kwisha. Ubaya ni mmoja, nikipiga kwa nguvu mweupe unazurura ovyo, mara moja uliruka mpaka sakafuni.

Kambale hazururi. Anaipiga moja uso kwa uso, kwa nguvu ya wastani, mweupe unarudi kidogo na kukaa katikati ya meza. Mipira yote anaiona. Bibi kizee wangu amewatoa wote.

Fainali kesho. Mimi na yeye. Tumekula bundu, ule ugali wa muhogo, na samaki sahani moja kwa mjomba. Namwonea huruma kidogo.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika mkono ukiwa mzito.

Kambale alikwenda misa kwanza. Alirudi na shati lake jeupe. Tukaanza. Yeye moja, mimi moja. Yeye anasafisha, mimi navunja vunja. Tukafika nne kwa nne. Mchezo wa mwisho, breki ni yangu. Niliweka mweupe ndani ya kisanduku, upande wa kushoto. Nikavuta pumzi. Nikapiga kwa mwili mzima.

Tisa ilitoka katikati ya mipira, ikagonga ukingo, ikaenda kwenye shimo la chini kulia, upande ule mipira inakopangwa. Niliiona inazama. Niliiona!

Nikapiga kelele. Nikafagia meza. Mkono mzima, kutoka huku mpaka kule, kama nyumbani.

Nikashangaa niko peke yangu na kelele zangu.

Afande alikuja polepole. Alisema tisa ikiingia kwa breki kwenye mashimo mawili ya chini haishindi. Inarudishwa mezani, aliyevunja anaendelea kupiga. "Nilisoma Ijumaa. Ulikuwa unauza maneno." Halafu akasema meza ilikuwa bado yangu, nimeifuta kwa mkono wangu mwenyewe, hiyo ni faulo ya kusudi. Mchezo wa Kambale. Mechi ya Kambale.

Meza ilikuwa bado yangu. Kabla sijafagia, mweupe ulikuwa katikati, moja imekaa mdomoni mwa shimo. Ningemaliza.

Nilimfuata Kambale nje kwenye bomba. Nikamuuliza kama alijua.

"Nilijua."

"Uliona mkono wangu unakwenda."

"Niliona."

"Mbona hukunishika?"

Alifunga maji kwanza. "Weye, ungenishika?"

Niligeuka nikaondoka. Namchukia.

Jumatatu, 15 Septemba

Mahindi. Lori tatu. Dereva wa Hajji alinisubiri getini na wenzake. "Mfagiaji amerudi! Mpeni ufagio, uwanja ni mchafu!"

Jina limeshika. Hata watoto wa shule wanalo.

Alhamisi, 18 Septemba

Sheria ya kijinga. Tisa ni tisa. Shimo ni shimo. Ina maana gani shimo la juu lishinde na la chini lisishinde? Wanasema ni kwa sababu kuna watu wanaipanga mipira kwa hila, tisa ianguke kila mara. Mimi sikupanga, Afande ndiye aliyepanga. Nilivunja tu.

Nilimwambia Mama Masika kwamba Kambale ameniibia. Alikuwa anamenya matoke, hakuinua kichwa.

"Alikuibia na mkono wa nani, mwanangu?"

Nikaacha chai yangu pale. Jioni niliambiwa wanacheza, wananiita. Sikwenda. Nililala na viatu.

Nimefikiria lile swali la Kambale la bombani. Nisingemshika. Ningekaa kimya na ningecheka njia nzima mpaka Bwera. Bado namchukia.

Jumapili, 21 Septemba

Shangazi yake Kambale alinitumia mtu asubuhi. Kijana anahamia klabu, ana mizigo, na wabebaji wote wako misani. Nikaenda.

Godoro, sanduku la bati, beseni. Vimekaa mlangoni. Nilibeba godoro kichwani mpaka stendi. Kambale akabeba sanduku, anatembea nyuma yangu. Alisema klabu wamempa chumba chenye dirisha. Nikasema vizuri.

Nilipanda juu ya gari, nikalaza godoro, nikafunga kamba. Nikaijaribu kwa mguu. Nikafungua, nikafunga upya, barabara ya huko ina mashimo.

"Aksanti, ndugu," alisema.

"Panda, wanakungoja."

Gari iliondoka. Niliangalia lile godoro mpaka kona. Halikutikisika.

Kisha nikarudi kumchukulia shangazi marobota yake ya vitenge, yale aliyokuwa anabeba Kambale, tukaenda sokoni.