Nkambo Aliyeacha Kukohoa

Dilala, Kolwezi
Jumapili ya Pasaka, tarehe 11 Aprili 1993

Mpendwa Yaya Mbuyi, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyefufuka, wewe pamoja na shemeji Kabongo na watoto wote hapo Mwene-Ditu. Je, ule mguu uliokuwa unavimba wakati wa mvua umepata nafuu? Na shemeji, bado anafundisha hata kama mshahara hauji? Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mimi mwili haujambo. Hakuna kinachoniuma mahali ambapo daktari angeweza kushika.

Anayekuletea barua ni Gracien, mfanyakazi wa reli, mtu mwaminifu. Mpe chakula kabla hujaisoma, maana ukishaisoma hutakumbuka jiko.

Niseme moja kwa moja, Yaya. Mke wangu Kanku na watoto hawako nami, na sijui waliko. Labda walipanda treni kuja huko kwenu. Labda bado wamejificha porini hapa Kolwezi. La tatu sitaki kuliandika.

Mambo ya huku mmeyasikia. Sisi wa asili ya Kasai tumeambiwa turudi kwetu. Mimi niliyezaliwa hapa hapa, na Tshiluba changu kinatosha kuomba maji ya kunywa tu, wewe mwenyewe hukicheka kila mara, nirudi kwetu wapi? Baba yetu Tshiamala aliletwa kuchimba shaba akiwa kijana, na leo analala katika makaburi ya hapa. Vijana wanaopita na mapanga wakituita wageni, wengine niliwabeba bure kwenye kamiyo, hili lori langu, walipokuwa wanafunzi. Nikiwaona nasikia hasira, halafu nakumbuka kwamba hasira yangu haimzuii mtu yeyote.

Kamiyo yangu unaikumbuka, ile kuukuu inayotumia petroli, esansi kama tunavyoiita huku. Ulipokuja kwa msiba wa Baba uliipanda mpaka makaburini, ukalalamika njia nzima. Baadaye, watoto walipozaliwa, waliipa jina la Nkambo, yaani babu, kwa sababu ilikuwa na tabia za mzee: ukimwita, anakohoa kwanza ndipo anaitika. Unakanyaga pedali, kimya. Koho, koho. Halafu ndipo inanguruma. Jioni Jessica na mdogo wake, Tshiamala mdogo, walikuwa wanashindana nani ataisikia wa kwanza ikiwa bado kwenye kona ya kanisa, na Kanku akisikia kelele zao anaweka maji ya ugali, bukari yetu, motoni. Nilikuwa naingia nyumbani maji yakichemka. Sikujua kwamba huo ndio utajiri.

Kikohozi kile kilitaka kutuua mwezi wa kwanza. Tulikuwa tunatoka njia ya Sandoa na mihogo, Kanku na watoto wako juu ya mzigo. Tuliposhuka kutoka kwenye baki, kile kivuko cha chuma kinachovusha magari, ukingo ulikuwa mkali na wenye matope. Nikakanyaga. Nkambo akakohoa, na kabla hajaitika magurudumu ya nyuma yalikuwa yanarudi majini. Tulipona kwa sababu wapakizi walitupia gogo nyuma ya magurudumu. Kanku alishuka, watoto wameshikilia kitenge chake, akaniambia: “Tata Jessica, mi sitapanda tena hii kamiyo ikiwa inakohola. Utaitengeneza iitike mbio-mbio, ao tutaenda na miguu.”

Basi walipoanza kutufukuza, nikakumbuka maneno yale. Njia yetu ya kutoka ilikuwa hiyo hiyo ya Sandoa, na baki lile lile. Treni sikuitaka. Watu wanalala stesheni juma baada ya juma wakiingoja, na ikija wanasukumwa ndani ya mabehewa ya mizigo bila maji, na tunasikia kuhusu watoto wachanga. Nikasema familia yangu itaondoka kwa Nkambo, na Nkambo ataponywa kwanza.

Rafiki yangu Nkulu alinifungulia karakana anakofanya kazi, maana mashine ya kuchongea bado ilikuwa haijaibiwa. Nkulu ni Mkatanga wa kaskazini, na mdogo wake yuko kati ya vijana wale wale. Angeweza kunifungia mlango. Hakufunga.

Kazi yenyewe nikueleze, maana ndicho kitu pekee nilichofanya vizuri mwaka huu. Ndani ya kabureta kuna bamba dogo la duara ambalo sisi mafundi tunaliita papiyo. Ukikanyaga pedali linafunguka, hewa inaingia na kuvuta esansi. Papiyo ya Nkambo ilikuwa imelika, na hewa nyingine inaingia kwa wizi pembeni. Nilichonga koo la kabureta upya, pana kidogo kuliko la kwanza, nikakata papiyo mpya ya shaba ya njano. Kijiti kinachoibeba nikakipunguza kiwe bapa, vichwa vya skrubu nikavizamisha ili hewa isigonge kitu, halafu nikagonga ncha za skrubu hizo kwa nyuma zisije zikadondoka ndani ya injini. Nikaisafisha pia ile pampu ndogo inayorusha esansi. Nilipokanyaga, Nkambo aliruka kama mbuzi aliyemwagiwa maji baridi. Hata chembe ya kikohozi.

Nkulu alipiga makofi. “Omer, unamupatia Nkambo dawa gani? Angalia, amekuwa kijana!” Tukacheka, Yaya. Fikiri, tulicheka.

Siku zile nililala karakana, kwa kuwa njia ya kurudi Dilala ilikuwa na vizuizi. Kabla sijaondoka nyumbani tulikuwa tumepatana na Kanku. Vijana walikuwa wamejifunza majina ya watu. Wanapita kwenye maficho wakiita polepole, kama ndugu, na mtu akitoka wanamkamata. Kwa hiyo nilimwambia: hali ikichafuka, ingieni katika mahindi ya parokia. Mtu akiita majina yenu, msiitike, hata mkidhani ni sauti yangu. Mtoke pale tu mtakapomsikia Nkambo. Watoto nao niliwarudishia maneno hayo mara nyingi mpaka Jessica akachoka nami. Kanku akasema: “Sawa. Nkambo tunamujua.”

Jumatatu tuliona moshi upande wa Dilala. Nikapanda na Nkulu, yeye mbele aonekane, mimi nikiendesha na kofia usoni. Nyumba yetu ilikuwa inawaka. Nikaenda mpaka kwenye mahindi, nikasimama, nikakanyaga pedali. Nkambo akaitika pale pale, safi, kwa nguvu. Nikangoja. Nikakanyaga tena, na tena. Sikuita kwa mdomo, maana mimi ndiye niliyekataza midomo, na vijana walikuwa kwenye njia panda. Nikaona mahindi yanatikisika kule ndani, yakienda upande wa kijito, mbali nasi. Nikadhani ni watu wengine. Nkulu akanivuta mkono: “Beko banakuya! Twende!” Kweli vijana walikuwa wanakuja mbio. Tukaondoka.

Jioni nilimkuta Mama Mbombo, mjane wa jirani yetu, amekaa kando ya parokia. Alikuwa nao mle ndani, miguu ikamshinda kukimbia. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sina nguvu ya kuyageuza: “Tulisikia kamiyo. Mama Jessica akataka kusimama. Mutoto akamukamata kitenge, asema, ‘Mama, haiko Nkambo, hii haikohole.’ Mama akasikiliza. Akasema, ‘Ni kweli, hii ni ya bale bantu ba mapanga.’ Njo wakakimbia, wakavuka kijito kuelekea stesheni.”

Yaya, mtoto alifanya kama nilivyomfundisha. Mama yake pia. Na mimi pia nilifanya kazi yangu vizuri. Natafuta mahali pa kuweka lawama na sipati, isipokuwa mikono hii. Mahindi yale yaliyotikisika yalikuwa ni wao, wanamkimbia baba yao, na mimi nikikanyaga pedali nawafukuza zaidi.

Nilipofika stesheni treni ilikuwa imeondoka. Niliuliza, niliuliza, kila mtu alikuwa anamuuliza mwingine.

Sasa nimefichwa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Nkulu, hapa hapa Dilala. Ile papiyo ya zamani nilikuwa nimeitupa kwenye kopo la misumari. Nimeirudisha, pamoja na kipande kingine cha kabureta nilichokiunga vibaya kwa makusudi, mpaka Nkambo amerudia kukohoa kama zamani. Kila siku, esansi ikipatikana, Nkulu anamtoa, anapita polepole kando ya mahindi, kijitoni, nyuma ya parokia, akikanyaga na kuachia. Mimi niko ndani. Namsikia akienda anakohoa. Namsikia akirudi anakohoa, na juu yake hakuna sauti ya mtoto. Leo Pasaka nimeomba, lakini nilikuwa naomba kama mtu anayekanyaga pedali bila esansi. Nimekata tamaa, Yaya, sikufichi. Ninachofanya ni kungoja tu, kwa sababu nikiondoka na wao wako hapa, nitakuwa nimewaacha mara ya pili.

Msalimie sana shemeji Kabongo, asiache kuvaa koti lake wakati wa baridi. Msalimie Kapinga binti yako, na Shangazi Ntumba kama bado yu hai, na mwambie kaburi la kaka yake hatujaliacha kwa kupenda. Mungu awafunike, nyumba yenu isijue moshi.

Sasa ombi langu, na ndilo lililonifanya niandike. Nenda stesheni kila treni ya huku inapofika. Kanku unamfahamu tangu msiba wa Baba. Labda amekonda, mwangalie vizuri. Mwambie ile kamiyo ilikuwa yetu. Mwambie ni sisi. Lakini ukikuta watoto peke yao, wewe hawakujui na wewe huwajui, wala usiwaite kwa majina, kwa sababu nimewafundisha wasiitike. Waulize tu, mmoja mmoja, kila msichana na kila mvulana mdogo utakayemwona: “Nkambo wenu anaitikaje?” Atakayekohoa kwanza ndipo ajibu, mshike mkono, Yaya, usimwachie. Huyo ni wetu.

Mdogo wako, ambaye kukupenda hajaacha hata sasa,

Mulumba Omer