Nilipoandika Kwamba Baba Upendo Amepumzika

Jumapili, nimetoka ibada ya pili. Huku Madale mawingu yameshuka mpaka yanagusa bati la jirani, na mvua inanyesha ile ya kusitasita, kama mgeni asiyejua aingie au asubiri nje. Moyo wangu mwepesi. Nimekaa mbele ya cherehani lakini sishoni, ni Jumapili. Naandika tu.

Nianze na kuungama. Wiki mbili hizi nimekuwa nikisafiri bila kutoka chumbani.

Mtoto wetu Upendo anakatisha tiketi kwenye ofisi moja ya usafiri kule Kinondoni. Kazini kwao mfanyakazi bora hupewa safari ya watu wawili, popote kwenye orodha yao. Mwaka huu kaipata yeye, na badala ya kwenda mwenyewe katupa sie wazazi wake, kwa sababu mwezi ujao tunatimiza miaka thelathini ya ndoa. Ila jina la mahali analitaka kabla ya Jumatano. "Mama, nyie chagueni," aliniambia. "Mie nataka neno moja tu."

Neno moja. Hajui kwamba neno ndilo lililoadimika humu ndani.

Baba Upendo alistaafu mwezi wa pili. Alifanya kazi relini, ofisi ya stesheni, miaka thelathini na moja. Tangu arudishe funguo za ofisi, maneno yamemwisha. Hana hasira na mtu. Ana presha kidogo, daktari kamwambia apumzike, basi. Anaamka, anafagia uwanja, anakaa. Ukimuuliza ugali au wali, anasema chochote. Ukimuuliza tukae ndani au barazani, anasema popote. Nilipompa habari ya safari alinitazama kwa upole, akasema, "Popote, Mama Upendo. Chagua wewe."

Tangu mwezi wa pili namwomba Mungu kitu kimoja: huyu mtu atake kitu. Chochote kile. Mtu anayeumwa utampeleka hospitali. Mtu asiyetaka kitu utampeleka wapi?

Basi nikaanza kuchagua peke yangu, na hapo ndipo ndoto ziliponichukua.

Sie watu wa bara likizo tunaijua moja. Desemba unapanda basi alfajiri, unakwenda nyumbani Tukuyu, unavua viatu vya mjini unashika mwiko. Unapikia ukoo mzima kwa sufuria za shughuli, unarudi Dar umechoka kuliko ulivyoondoka, na watu wanakuuliza likizo ilikuwaje. Unajibu tunamshukuru Mungu. Likizo ya kwenda mahali ambapo huna hata shangazi mmoja, hiyo sikuwahi kuifikiria.

Upendo alinitumia picha kwenye simu. Nikavaa miwani, nikafunga mlango kama mtu anayeiba.

Kuna Dubai, majengo marefu mpaka shingo iliniuma kwa kuangalia picha. Ndani ya duka wameweka theluji, watu wanateleza. Nikawaza, je, na wale wenye theluji yao wana duka la jua? Kuna mji mwingine wa mashariki ambako miti imepanda juu ya maghorofa, na kila kitu ni safi mpaka nikaogopa. Mie nikikaa mahali pasipo na punje ya vumbi naanza kuona vumbi ni mimi.

Halafu kuna mji wa Ulaya wenye ziwa, na milima ya barafu kwa mbali. Upendo kaandika chini yake: mama, huku kikombe kimoja cha kahawa ni sawa na mchele wetu wa wiki. Nikaitazama ile kahawa kwa heshima. Nikajiona naichukua kwa kijiko, kidogo kidogo, nikiomba kabla na baada.

Visiwa vya volkano ndivyo vilivyoniunguzia maharage.

Kimoja kiko mbali sana, nyumba zake nyeupe zimeng'ang'ania ukingo wa jabali kama ndege waliochoka. Kizuri, lakini niliona ngazi zake nikakumbuka magoti yangu. Kilichonibeba ni cha hapa jirani, Ngazidja, kule Komoro. Mlima wake mkubwa unapumua moshi kidogo, kama sufuria iliyofunikwa vibaya, na chini yake kuna mawe meusi ya moto uliopoa na kipande cha ufukwe wenye mchanga mweusi. Mweusi kabisa, kama mkaa uliotwangwa ukachekechwa. Povu la bahari likipanda juu yake linakuwa jeupe mpaka unajiuliza siku zote ulikuwa unafua nini. Na bluu ya maji ni ile ile ya sketi za shule ninazoshona kila Januari, ila hii ina pumzi.

Nikawa nashona kola, mguu uko kwenye cherehani, roho iko kule. Najiona nimevua kandambili, nimekanyaga ule mchanga, una joto la mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Hakuna anayeniita. Nawaza Mungu alifikiria nini alipouchukua moto akauketisha katikati ya maji, na vikakaa kwa amani. Sifanyi kitu. Nimekaa tu.

Nikashtuka nimeshona kola mbili kwenye shati moja.

Lakini sikumwambia mtu, hata wanajumuiya wenzangu. Huku kwetu ukisema unasafiri bila msiba, bila harusi, bila rufaa ya hospitali, watu wanakuona umeanza makuu. Nikanyamaza na kisiwa changu.

Sasa nieleze ya jana.

Jumuiya yetu inasali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na jana ilikuwa kwa Mama Jeni, mwenyekiti wetu. Baba Upendo hakosagi. Ila jana hakuamka. Alikuwa amelala fofofo, uso umelegea kama wa mtoto, nikaona huruma kumwamsha. Nikaandika haraka haraka kwenye kundi la simu: "Bwana asifiwe wapendwa. Baba Upendo amepumzika. Asubuhi hii hatutaweza kufika. Mtuombee kwa yaliyo mbele yetu."

Nikaiacha simu kwenye chaji, nikaenda uani kufua.

Msomaji, soma tena. Mie nilimaanisha amelala.

Saa nzima haikupita, mlango wa uani ukafunguka. Mama Jeni huyo, kanga kiunoni, wenzake wawili nyuma, macho mekundu. Akanikumbatia na mapovu yangu ya sabuni. Nikadhani ni upendo wa baada ya sala.

"Jikaze, dada yangu," akasema. "Mnasafirisha, au ni hapa hapa?"

Nikajua siri imevuja, na aliyeivujisha ni Upendo. "Tunasafiri," nikamjibu. "Mwezi ujao."

"Mwezi ujao," Mama Jeni akarudia polepole. "Na atakaa mpaka mwezi ujao?"

"Si yupo tu hapo ndani. Kwani anamsumbua nani?"

"Haya. Mtampeleka Tukuyu?"

"Tukuyu kila mwaka, tumechoka. Upendo anataka Dubai. Mie moyo wangu uko Komoro, kwenye mchanga."

Wakatazamana. Mmoja akanishika mabega, akanikalisha juu ya ndoo. "Ni mshtuko," akanong'ona. "Mpeni maji ya sukari."

Mbele ya nyumba nako guta la viti vya plastiki lilikuwa limeshafika, wanaume wanashusha. Ami Nassor wa duka la kona, ambaye kwao mtu akifa asubuhi jioni hayupo juu ya ardhi, alikuwa amefunga duka kaja na katoni mbili za maji. Sauti yake naisikia mpaka uani, anauliza maziko ni adhuhuri au alasiri, na mbona watu wanapanga viti wakati kaburi halijachimbwa.

Ndipo mlango wa mbele ukafunguka. Sote tuliokuwa uani tukakimbilia mbele, na mie na ndoo yangu. Baba Upendo alikuwa kizingitini, kaptula na singlendi, mswaki mdomoni. Akawatazama watu, akavitazama viti. Akautoa mswaki.

"Habari za asubuhi jamani. Kafa nani?"

Mama Jeni haogopi kitu duniani. Akamjibu, "Wewe."

Sitaandika aibu yangu yote hapa. Mmoja alikimbia mpaka kwa jirani. Ami Nassor alicheka mpaka akakaa juu ya katoni zake. "Mama Upendo," akasema akijifuta machozi, "siku nyingine andika kalala. Neno ni fupi, na duka langu linabaki wazi." Chai waliyokuja nayo ya msiba tukainywa ya shukrani. Viti vikakaliwa, tukaimba. Mama Jeni akatangaza mbele za watu kwamba kuanzia sasa matangazo yangu yatapitia kwake kwanza. "Na hiyo Komoro," akaongeza, "utanieleza vizuri."

Nikaeleza, ningefanyaje. Hakuna aliyenuna. Walichouliza ni kama ule mchanga mweusi unachafua nguo.

Lakini kuna jambo moja lililotokea pale, na wengi hawakuliona. Katibu wetu, mwalimu mstaafu, mtu wa haraka, alikuwa ameshaanza kuandika wasifu wa marehemu kwenye daftari lake. Baba Upendo akaomba auone. Ilikuwa mistari mitatu. Alizaliwa Tukuyu. Alifanya kazi relini miaka thelathini na moja. Alistaafu, ameacha mjane na mtoto mmoja.

Akausoma. Akausoma tena.

"Ndiyo basi?" akauliza.

Katibu akajikuna shingo. "Ndiyo ninayoyajua, mzee. Nikadhani familia wataongezea."

Baba Upendo akamrudishia daftari kwa mikono miwili, kama anavyorudisha sahani ya jirani.

Alasiri, watu wameshaondoka, akaingia chumba changu cha kushonea. Haingiagi humu. Akasogeza vitambaa, akakaa kwenye stuli ya wateja.

"Ile miji unayoiangalia," akasema. "Kuna wenye treni?"

Nikamwonyesha ule wenye ziwa na kahawa ya kuombea. Nikamwazima na miwani. Na mume wangu, asiyejibu ugali wala wali, akaanza kusema. Akasema miaka yote ile kazi yake ilikuwa safu mbili kwenye daftari: saa ambayo treni ilitakiwa kufika, na saa iliyofika. Zilikuja kufanana mara moja tu, na siku hiyo saa ya ukutani ilikuwa imesimama. Akasema amesikia kwamba kule mshale wa saa na treni hufika pamoja. Anataka asimame hapo stesheni aione moja. Hata asipoipanda.

Miaka thelathini nalala karibu na mtu huyu, na hilo sikulijua.

Ningesema amina, nikampa mji wake. Mama yangu angefanya hivyo, na asingemwambia mtu. Mie, sijui nguvu niliitoa wapi, nikavuta picha ya kisiwa nikamwekea mbele ya macho. Nikamwambia yote. Moshi, mchanga, hata kola mbili.

"Volkano?" Akaishusha miwani puani. "Mama Upendo, mie nimezaliwa Tukuyu, juu ya volkano. Udongo mweusi nimeuchezea mpaka nikachapwa. Leo nipande ndege nikautazame?"

"Wa kwenu una migomba. Huu una bahari."

"Bahari ipo Kunduchi."

"Na treni inapita Vingunguti. Nenda kaitazame."

Akacheka. Nasema akacheka, kile kicheko chake cha zamani cha kuanzia mabegani. Tangu mwezi wa pili nilikuwa sijakisikia.

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Leo kaamka kabla yangu akiwa na hoja tatu. Njiani kwenda kanisani akatoa ya nne: mji wake una milima, kwa hiyo na mie nitakuwa nimepata mlima. Nikamjibu mlima usio na moshi ni kilima kinachojisifu. Akatembea kimya mpaka karibu na geti la kanisa, nikaingiwa na hofu kwamba nimemzima tena. Kumbe alikuwa anatafuta jibu. Alilipata katikati ya mahubiri, akaniandikia nyuma ya bahasha ya sadaka. Nimeungama hilo nalo, kwamba nililisoma.

Sasa hivi namsikia barazani. Kampigia Upendo simu, anambembeleza awe upande wake, anamtajia habari za treni kama mtu anayesifia mtoto wake. Sauti imepanda. Anasema, "Hapana, sikiliza, mie nataka..." na mvua inameza neno linalofuata. Sihitaji kulisikia. Hilo la kabla yake ndilo nililokuwa nikiliombea.

Ukweli ni kwamba ningeweza kumwachia. Ule mji si mbaya, na kahawa tungechangia kikombe. Lakini namjua. Nikimwachia leo, leo hii tutakuwa tumemaliza, na kesho nitamuuliza ugali au wali, naye atasema chochote.

Kwa hiyo nitashika kisiwa changu mpaka Jumatano, saa ya mwisho kabisa, na nitatafuta hoja hata nisizoziamini. Naye ashike treni zake.

Bwana, wewe unajua tutakwenda wapi. Nakuomba usitupatanishe mapema.