Vipimo vya Watu wa Kolwezi

Kolwezi, 6 Februari 2022

Tata mpendwa,

Nakusalimu kwa salamu yetu ya Kasai: moyo wako, Tata. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limeanza kusikia dawa. Sisi huku hatujambo, ila vumbi la malori ya mgodi halituachi, kila siku tunapangusa mashine kabla ya kushona.

Usishangae kukuta barua ndani ya simu. Ulinilalamikia kwamba mtandao ukikatika unabaki na nusu ya salamu, basi nimefungua kabrasha la pamoja mtandaoni, lako na langu. Ndani mna faili mbili. Ya kwanza inaitwa Barua, ndiyo hii: nikiandika Kolwezi unaisoma Mbujimayi, bila posta wala msafiri. Ya pili inaitwa Vipimo, nacho ndicho kitabu cha atelie yangu ya ushonaji.

Zamani tulikuwa na daftari moja kwa washonaji wanne. Mmoja anapima, wa pili analitafuta, wa tatu ameliwekea kikombe cha chai juu. Parokiani walitufundisha sisi wenye biashara ndogo, Jumamosi mbili, namna ya kuweka kazi mahali pamoja. Sasa kila mshonaji anafungua Vipimo kwenye simu yake, na akiandika mmoja wote tunaona papo hapo. Nimekwisha kuingiza wateja mia mbili na kumi na wawili.

Tata, ninalo ombi. Washonaji ninao, mkataji sina. Ukikubali, soma vipimo, chora patroni kwenye karatasi, ipige picha na uiweke kwenye kabrasha. Sisi tutakata kwa kuifuata. Mama Henriette Mukalay aliyekuwa akishona kwako zamani sasa yuko kwangu, anapinda mapindo. Nilipomwambia nitakuandikia alisema, "Ambia Tata Kalonji, mi minakumbuka mukasi yake mupaka leo."

Binti yako,
Tshibola


Mbujimayi, 20 Februari 2022

Binti yangu Tshibola,

Moyo wako, mama. Goti langu ni mzee mwenzangu, tunavumiliana. Nimeandika barua hii siku tatu, kwa kidole kimoja, na mara mbili simu ilinimalizia neno ambalo sikulitaka. Kijana anayeniuzia mega za mtandao anasema mzee wa miaka sabini na minne hawezi. Nimemwambia nilianza kushika mkasi kabla baba yake hajashika ziwa.

Vipimo nimevisoma. Mteja wa thelathini na moja umemwandikia kiuno sentimita saba. Huyo ni nyigu, si mtu. Rekebisha. Patroni nitakuchorea, na nitafurahi, maana tangu macho yalipopungua hakuna aliyeniomba kitu cha maana.

Lakini nikuambie jambo. Sisi mafundi wa rika langu tulikuwa na sheria. Vipimo ni mwili wa mtu. Mtu akifa, ukurasa wake unachomwa. Fundi akihama mji, anachoma kitabu kizima mbele ya mlango wake, asiache miili ya watu kwa asiowajua. Wewe umewatundika watu mia mbili mawinguni, huko mtandaoni. Je, nani anawalinda huko? Mimi mwenyewe mwaka 1993, tulipoambiwa sisi wenye asili ya Kasai turudi kwetu, mimi niliyezaliwa Kolwezi, niliacha kitabu changu juu ya meza ya kukatia. Sikupata hata dakika ya kuwasha kiberiti.

Mji ule nimeukumbuka sana wiki hii. King'ora cha saa kumi na mbili bado kinalia? Nilikuwa nafungua mlango kwa king'ora hicho, na wafanyakazi wa shifti ya asubuhi walinisalimu kwa jina mmoja mmoja. Siku ya mshahara wake zao walikuja na vitenge kichwani, wakicheka tangu kona. Nilijua mji mzima kwa mabega yake.

Kitu kimoja katika hayo mawingu yako nimekipenda. Ukiwa ndani ya Vipimo, naona jina lako juu ya ukurasa. Asubuhi nikiliona najua umeamka na umefungua kazi.

Tata yako,
Kalonji


Kolwezi, 26 Juni 2022

Tata,

Shikamoo nyingi. Pole kwa kimya, si kukusahau. Ni wewe uliyetuletea kazi. Tangu patroni zako zianze kuingia watu wanasema mkono wa Kalonji umerudi mjini, na mimi najidai kama vile mkono ni wangu. Stéphanie, mjukuu wa Mama Henriette, anaolewa tarehe 23 Julai. Wanawake ishirini na wanane, kitenge kimoja, kila mmoja na mshono wake. Kitambaa kimefika. Tumewapima wote, hata mashangazi waliokuja kutoka Sandoa na Musumba. Wamekwisha kurudi kwao na hatutawaona tena mpaka siku moja kabla ya arusi. Patroni kumi na tisa umekwisha kuzichora. Nangoja tisa.

Sasa nikwambie habari ambayo nimeizungusha mdomoni tangu Pasaka. Shimo la mgodi limefika nyuma ya shule ya mtaa wetu. Watu wa mgodi wamepita na rangi nyekundu na kuchora msalaba kwenye nyumba zitakazobomolewa, na mlango wa atelie una msalaba. Tumepewa mpaka mwisho wa Agosti. Natafuta chumba mtaa wa Manika, karibu na soko.

Usitie hofu. Hii si 1993. Safari hii hakuna anayeulizwa babu yake alitoka wapi. Mama Henriette, ambaye ukoo wake ulikuwa hapa kabla ya reli, naye mlango wake una msalaba. Jana alisimama akautazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ile wakati tuliona banafukuza benzetu, tukanyamaza. Leo ni zamu yetu."

Binti yako,
Tshibola


Mbujimayi, 3 Julai 2022

Tshibola, mama,

Moyo wako. Mimi mzima, lakini sijalala vizuri tangu nilipoisoma barua yako.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nicheke ukitaka. Mwaka ule nao ulianza kwa maneno sokoni, ikafuata alama ya chaki, na mimi nikasema hawatafika kwangu, nimewashonea watoto wao nguo za komunyo. Wenzangu waliouza mashine mapema walifika Kasai na mashine. Mimi nilifika na wewe mgongoni.

Ondoka. Usingoje Agosti, njoo wiki hii. Chumba chako nimekipiga chokaa. Hayo mengine niachie mimi.

Tata yako,
Kalonji


Kolwezi, 8 Julai 2022

Tata,

Leo sina salamu.

Asubuhi tumefungua Vipimo na hakuna kitu. Hakuna jina, hakuna namba, ukurasa mweupe kwenye simu zote nne. Nilidhani ni mtandao. Nikaona mstari mdogo juu: badiliko la mwisho, Stanislas Kalonji, jana saa nane mchana.

Arusi ni baada ya siku kumi na tano. Daftari la karatasi nilikwisha kuliacha kwa sababu niliamini kitabu hiki. Patroni zako zipo, lakini tisa hazijachorwa, na vipimo vya wale tisa vilikuwa humo tu. Sita kati yao wako Musumba ambako simu inashika ukipanda kilima. Nikiharibu arusi hii jina limekufa, na nikihamia Manika bila jina, nani atanifuata? Kila nilichojenga tangu nirudi katika mji huu kimo katika wateja wale.

Sikuja Kolwezi kwa bahati mbaya. Nilirudi kwa sababu hapa ndipo nilipozaliwa. Na sikukuambia naondoka. La kuondoka ulilisema wewe, na kitabu ukakifuta wewe. Wao walichora msalaba mlangoni, wewe ukafuta waliokuwa ndani.

Tshibola


Mbujimayi, 10 Julai 2022

Binti yangu,

Nakusalimu hata kama hukunisalimu.

Sitasema kidole kiliteleza. Nilijua ninachokifanya, na nilijua ukurasa ukifutika kwangu unafutika na kwako. Nilifuta mmoja mmoja, nikisoma kila jina kwanza, kama tulivyosoma majina kabla ya kuchoma. Nilianza baada ya misa ya asubuhi, nikamaliza saa nane.

Ulikuwa na miaka saba, sijui unakumbuka nini. Tulikaa stesheni ya Kolwezi wiki tano tukingoja treni. Mama yako Ngalula alifia pale kwa kuhara, wiki ya nne. Kitabu changu kilibaki mezani na watu wangu wote ndani, na miaka ishirini na tisa nimejiuliza nani alikifungua, akawafanya nini. Niliposikia kuhusu msalaba nikasema safari hii fundi ataondoka kama fundi. Niliandika barua ya kukuita, nikaamini umekwisha kuitika. Sikufikiri hata kidogo kwamba utakaa. Mimi sikukaa, ndiyo maana.

Nimekukosea. Nimewafukuza watu wako kwa woga wangu, mimi ninayejua kufukuzwa ni nini. Wale tisa nimejaribu kuwakumbuka tangu jana, nimepata watatu, na sina hakika na makalio ya mmoja. Nimewaweka kwenye kabrasha.

Najua hutanijibu upesi. Nitafungua kila asubuhi nione kama jina lako lipo.

Tata yako,
Kalonji


Kolwezi, 4 Septemba 2022

Tata yangu mpendwa,

Moyo wako, Tata, na moyo wako tena kwa wiki zote nane nilizonyamaza. Goti linasemaje? Mimi mzima. Atelie imehama, tuko Manika nyuma ya kanisa, chumba kidogo chenye dirisha kubwa. Ile ya zamani walibomoa tarehe 30. Nilikwenda kutazama. Nililia, kisha nikachukua bawaba ya mlango, sijui kwa nini.

Arusi ilifanyika, na wanawake wote ishirini na wanane walivaa. Siku ile nilipopata barua yako nilikuwa bado nautazama ule mstari mdogo wenye jina lako, nikaugusa kwa hasira tu. Ukafunguka. Kumbe kitabu hiki hakisahau. Kinaweka kila hali iliyopita, siku, saa na mkono wa aliyeandika. Mara ya kwanza nilirudisha nyuma mno, hata nyigu wangu wa sentimita saba akarudi; kisha nikachagua tarehe 6 Julai, nikabonyeza kurudisha, na watu wote wakarudi.

Kule kurudi nyuma ndiko kulikoninyamazisha, si hasira.

Nikitafuta tarehe sahihi nilifungua Jumapili moja ya Machi nikaona wateja ambao siwajui, chini kabisa ya wangu. Ngoy, mwalimu, bega la kushoto liko chini. Kalombo wa shifti ya asubuhi, tumbo la mshahara. Henriette Mukalay, kiuno sitini na sita, na nilipomsomea alicheka mpaka akakaa chini. Nikafungua Jumapili nyingine. Tata, kila Jumapili baada ya misa ulikuwa unaingia, unaandika watu wa Kolwezi uliowaacha mezani, kwa kichwa, kisha kabla ya jioni unawafuta ili nisiwaone. Nimehesabu sitini na watatu. Nimekaa nao jioni nyingi mno, ndiyo maana sikuandika. Mtu anaandika nini kwa baba ambaye amebeba mji mzima kichwani na hakusema?

Katika Jumapili ya mwisho ya Mei kulikuwa na mmoja tu. Ngalula. Kifua tisini na nne, kiuno sabini na sita, makalio mia moja na nne, mgongo arobaini na moja. Uliniambia vipimo vya marehemu huchomwa.

Unajua picha zetu zote zilibaki ndani ya nyumba. Mimi sijui mama yangu alikuwa mtu wa namna gani kwa macho. Nakumbuka mkono wake kichwani kwangu, na sauti kidogo, basi. Wewe hukuwahi kunieleza na mimi niliogopa kukuuliza, nikadhani umemsahau. Nisamehe kwa hilo.

Nilichukua kitenge kilichobaki cha arusi nikakata gauni kwa vipimo vyake. Sikujipima, sikutaka kujua mapema. Jana nililivaa mbele ya kioo, na Mama Henriette alikuwa nyuma yangu, pini mdomoni, tayari kubana na kulegeza. Alinizunguka mara mbili. Akazitoa pini mdomoni akazirudisha kwenye kopo, akasema, "Ni Ngalula huyu. Hakuna kitu ya kurekebisha."

Nimepiga picha nzima, kichwa mpaka miguu, nimeiweka kwenye kabrasha. Mtazame. Nimemrudisha katika Vipimo pamoja na wale wote sitini na wawili, na ninakuomba kama binti anavyoomba, usiwafute tena.

Binti yako anayekupenda,
Tshibola


Mbujimayi, 5 Septemba 2022

Mama,

Nimeiona. Nimelia mbele ya muuza mega, akanizimia feni akidhani ni vumbi.

Henriette hakuwahi kuwa na jicho la pindo. Lishushe sentimita tatu. Mama yako alipenda lifunike magoti.

Tata yako,
Kalonji