Uzi wa Baba Chini ya Boneti

Dolni Bryag,
7 Mei 2009

Mpendwa kaka Veselin,

Kristo amefufuka. Natumaini wewe, wifi Donka na watoto hamjambo huko Kanada, na kifua chako kimepona. Sisi Mungu anatubeba. Jana, sikukuu ya Mtakatifu Georgi, Mama alionja nyama ya mwanakondoo akalalamika kwamba haina chumvi, nikajua bado ni yeye yule.

Barua yako niliipata. Unataka Mama ahamie nyumba ya wazee mjini, karibu na hospitali anakosafishwa damu, kwa kuwa gari la Baba haliaminiki tena. Nilikuwa nimekaribia kukubali, kaka. Nisikufiche.

Tangu Pasaka gari lilikuwa likikimbia vizuri, lakini likisimama linatetemeka kama mtu mwenye homa, kisha linazimika. Wiki iliyopita lilizimika katikati ya reli, Mama akiwa ndani, na kizuizi kimeanza kushuka. Nikawa nawasha huku nasali kwa sauti. Mama akasema, "Utasali tukifika ng'ambo, mwanangu. Kanyaga mafuta."

Jirani yetu Asparuh, yule fundi, alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, wapi. Akanitania, "Rumyana, gari hili limeshastaafu, wewe tu ndiye hujapewa habari."

Jumamosi akaja na kipande cha mpira. Ncha moja akaitia sikioni, nyingine akawa anaipitisha juu ya injini inayonguruma, kama daktari. Akasimama. "Hapa panavuta hewa." Ule mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye breki ulikuwa na ufa. Aliuziba kwa kidole, na injini ikatulia pale pale. Akautazama vizuri. "Kulikuwa na kitu kimefungwa hapa. Nani kakitoa?"

Ni mimi. Unaikumbuka martenitsa ya Baba, ule uzi mwekundu na mweupe wa kukaribisha majira ya kuchipua, alioufunga chini ya boneti mwezi Machi, mwaka ule kabla hajafariki? Sisi wote huvua zetu za mkononi tukiona korongo wamerudi, tukazitundika kwenye mti uliochanua. Ya kwake ilibaki, nyeusi kwa oili. Nilipokuwa nasafisha gari kwa ajili ya Pasaka niliona si adabu iendelee kukaa vile. Nikaikata, nikaitundika kwenye mcheri, nikamwombea. Miaka yote niliamini aliufunga kuombea safari zetu.

Niliingia ndani nikamweleza Mama. Akanitazama. "Kuombea safari? Baba yako aliona ufa, na uzi ndio uliokuwa karibu. Mpira mpya ulikuwa mjini, na yeye hakutaka kuinuka kwenye kiti chake kuufuata." Akacheka mpaka akajishika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu baridi ianze.

Asparuh ametia mpira mpya. Leo asubuhi tulisimama mbele ya kizuizi cha reli kungoja treni ndefu ya mizigo ipite. Injini ilikuwa imetulia, na Mama akasinzia.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba Mama anabaki hapa. Nyumba ya wazee hataiweza, na mimi sitaweza kumwacha kule.

Lakini, kaka, gari limepona, mimi bado. Naamka gizani, nashinda kwenye benchi la hospitali, narudi kulisha kuku, na jioni sala nayo naiacha njiani kwa usingizi. Sikuombi hela. Njoo mwezi Agosti, uendeshe wewe, nami nilale. Kwa mpira huu mpya breki sasa ni nyepesi, si kama ulivyozizoea. Zikanyage polepole, kwa maana Mama akishatulia hulala njia nzima.

Nisalimie wifi Donka, na Petko na Iskra uwabusu kwenye paji la uso. Mama anakusalimu, na Asparuh pia. Mama Mtakatifu wa Mungu awafunike nyote.

Ni mimi dada yako nikupendaye na kukungoja,
Rumyana