Shujaa wa Lori la Mkate

Jumatatu, 3 Machi

Hongera kwangu! Nilikwenda kwenye kikao cha kamati ya mnara kudai viti vya shule tulivyowaazima, nimerudi na kazi. Niandike historia ya mnara wa mashujaa, isomwe Jumapili ukizinduliwa upya. "Si wewe ndiye mwalimu wa historia?" akasema Mwenyekiti. Mji mzima humwita Jenerali. Vita vyote alivipigania stoo, akigawa soksi.

Historia yenyewe basi. Jiwe lilisimamishwa mbele ya posta vita vilipoisha. Posta ikataka maegesho — likahamishiwa stendi. Stendi ikapanuka — likasogezwa nyuma ya choo cha kulipia. Hapo limetulia. Majina kumi na mawili, na juu yake maandishi makubwa: MASHUJA WETU. Fundi aliishiwa nafasi. A moja ilikufa vitani.

Mume wangu ana furaha isiyo na kifani. Baba yake yumo kwenye jiwe, na yeye ndiye atakayeweka shada la maua na kutoa hotuba fupi. Ameshaanza mazoezi ya kutembea kwa huzuni pale sebuleni. Kapiga meza ya chai na goti mara mbili.

Jumanne, 4 Machi

Nimekaa kitandani na daftari. Sijui nicheke au nilie.

Nilimfuata mama mkwe chumbani kwake, anapiga pasi. Nikamwomba anisimulie jinsi baba mkwe alivyokufa vitani.

"Nani kakwambia alikufa vitani?"

Alikuja likizo. Akavuka barabara kwenda kununua sigara, lori la mkate likampitia. Mchana kweupe! Pasi yake haikusimama hata kidogo.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Naye akacheka, akacheka hadi akakaa kitandani, machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Aliyekufa vitani ni kaka yake yeye mwenyewe, akasema. Aliyemfuata yeye kuzaliwa, wakilala mkeka mmoja. Vita vile vilikuwa vya ndugu kwa ndugu, mji huu ulitoa vijana pande zote mbili, na upande wa kaka yake ulishindwa. Walioshindwa hawana jiwe. Hata matanga hawakuruhusiwa. Alimlilia kaka yake uso ameuzika kwenye mto wa kulalia ili majirani wasisikie.

Kumbe ndiyo maana hajawahi kukanyaga pale mnarani. Mimi miaka yote nilijua ni magoti.

"Kaandike hivi, mwanangu," akaniambia, akikunja shati. "Mtoeni mume wangu, mwekeni kaka yangu."

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Jenerali. Sebule yake ina picha zake tisa na kochi lenye nailoni mpaka leo. Nikamuuliza kama anajua habari za lori.

Anajua! Tena yeye ndiye aliyependekeza jina. Mjane mbichi, mtoto mgongoni, na jiwe lilikuwa na nafasi.

"Lakini Mzee, ni lori la mkate."

"Mkate ulikuwa unakwenda wapi? Kambini. Basi hivyo ni vita."

Elimu haina mwisho. Nikamuuliza kuhusu kaka wa mama mkwe. Akaanza kufuta miwani.

"Yule alikuwa wa upande wa pili."

"Alizaliwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, Mzee. Upande huu huu."

Akafuta miwani ambayo ilikuwa safi. Halafu akasema, taratibu kabisa, kwamba walicheza mpira pamoja, na kwamba kipa kama yule hajamwona tena. Nikadhani tumefika. Wapi! Akavaa miwani, akaniambia niandike ukurasa mmoja, niutie neno "damu" mara kadhaa, watu hupenda.

Jumamosi, 8 Machi

Nilipanga nimwambie mume wangu kwa hekima, polepole, tukiwa wawili. Mama yake kanipunguzia kazi. Leo mezani, mwana akimwonyesha mama jinsi atakavyoinama na shada:

"Usiiname sana. Baba yako aligongwa na lori."

"Lori la nini?"

"La mkate."

Akanitazama mimi. Sikuweza kuinua macho kwenye sahani, na hilo likawa jibu. Mama akamweleza yote, na ya mjomba pia. Akasikiliza kama mtu anayesomewa hukumu.

Utani umenikaukia leo. Alipokuwa mdogo, kila alipoanguka, kila alipochapwa, walimu walimwambia: mtoto wa shujaa halii. Hakulia hata tulipomzika mtoto wetu wa kwanza. Leo amelia bafuni, bomba amelifungua ili tusisikie. Kama mama yake na ule mto. Familia hii!

Jumapili, 9 Machi

Naandika mezani, nimeshavaa. Jenerali yuko nje na gari, suti ya kaki, anapiga honi kama anauza barafu. Shada liko kwenye kiti cha mbele, limefungwa mkanda. Binadamu tutabanana nyuma.

Mama mkwe amevaa viatu. Viatu! Anakuja. Hajasema kwa nini, na mimi si mwendawazimu wa kuuliza.

Mume wangu yuko chumbani tangu asubuhi. Hotuba yake ya "marehemu baba" nimeikuta kwenye pipa la taka.

Ametoka. Macho mekundu, tai imekaa upande. Amepita bila kunitazama, amechuchumaa mbele ya mama yake.

"Mama, mjomba aliitwa nani? Jina lote. Wamenipa kipaza sauti mimi."

Tangu Jumanne namtetea yule mtu na sijawahi kuuliza jina lake. Mwalimu wa historia!

Mama amemshika mwanawe mashavu. Honi tena. Jenerali anaita, tunachelewa, mgeni rasmi ameshakaa.

Mama amekohoa kidogo. Ameanza na jina la kwanza; nafunga daftari nimsikie.