Beseni la Bluu Lililokwenda kwa Papa Kalonda

Jumanne. Mvua ya asubuhi imeacha matope mpaka mlangoni, na moyo wangu hauko mbali na hayo matope.

Natangaza rasmi, mbele ya taifa na mbele ya kuku wanne wa mke wangu, kwamba kuanzia leo beseni langu la bluu haliazimwi tena na muntu yeyote, awe jirani, shemeji au mchungaji wa kanisa.

Sasa nieleze.

Nina madume machanga sita ya ng'ombe wa nyama, niliyoyaleta kutoka Pepa. Yanalishwa kwenye shamba la mahindi lililovunwa, yanakula mabua na majani yanayochipuka chini yake. Lakini mabua peke yake hujaza tumbo bila kujenga mwili. Kwa hiyo kila asubuhi nayaongezea chakula katika beseni: mahindi ya kupondwa, chumvi kidogo, na vumbi la ndagala, wale samaki wadogo wakavu, linalobaki chini ya magunia sokoni. Konzi moja kwa kila dume wiki ya kwanza, mbili wiki ya pili, hivyo hivyo polepole. Sikusomea mifugo. Nimesoma kinyesi, na kinyesi hakidanganyi: kikilainika ghafla, umezidisha.

Nikiwa tayari, napiga beseni kwa kijiko, nayo yanakuja mbio. Wa kwanza daima ni yule ninayemwita Minista, kwa sababu hajawahi kukosa karamu.

Papa Kalonda ana madume saba upande wa pili wa shamba. Kati yetu kuna mstari wa mihogo, ambao ng'ombe hawautambui kama mpaka. Jumapili ya wiki mbili zilizopita, baada ya ibada, alisimama mbele ya watu wote akasema:

"Huyu analishaka ng'ombe kama wagonjwa. Kijiko asubuhi, kijiko mangaribi. Dokta Kijiko!"

Watu walicheka. Mke wangu alicheka pia, akajifanya anakohoa.

Tangu siku ile mimi ni Dokta Kijiko hadi bandarini. Na Jumamosi mchinjaji wa soko anakuja kuchagua madume ya sikukuu. Anachukua kundi moja tu, langu au lake.

Nilimwekea kisasi. Nilikilisha polepole, kama ng'ombe.

Jana jioni Papa Kalonda alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Papa, uniazime basi ile beseni. Na dawa yako, unawekaka kiasi gani?"

Nilijua jibu. Konzi moja, wiki nzima. Ukimjaza dume mahindi siku ya kwanza, tumbo linachachuka, linavimba, na hapo hakuna tena mashauri.

"Mwenye ng'ombe njo anajua tumbo la ng'ombe wake," nilimwambia.

Aliomba ushauri, nikampa methali. Na beseni.

Mke wangu aliuliza kwa nini sikumwambia. Nikasema hakuuliza vizuri.

Leo asubuhi, mvua ilipokatika, nilisikia upande wake: kong, kong, kong. Alikuwa amenichungulia mpaka kwenye mapigo. Nilivuta kiti nje. Nilinywa chai yangu pole pole, na nakiri hapa waziwazi kwamba sijawahi kunywa chai tamu hivyo, na sukari ilikuwa imeisha.

Saa nne alitokea kwenye mihogo, anakimbia, matope mpaka magotini.

"Papa! Kuja! Moja imevimba!"

Sikukimbia. Nilitafuta viatu. Nilifunga kamba, nikafungua, nikafunga tena vizuri. Njiani nilikuwa napanga sura ya huzuni na maneno ya kumwambia mchinjaji.

Nilipofika, madume saba ya Papa Kalonda yalikuwa yamesimama pembeni, yanacheua, mazima kabisa. Hayajawahi kuona beseni maishani mwao. Yaliliogopa.

Aliyelala chini, ubavu wa kushoto umetuna kama ngoma, alikuwa Minista.

Alisikia kong, kong, kong. Akaruka mihogo. Akala mahindi ya madume saba, peke yake.

Tulimnywesha mafuta ya mawese. Tulimsukuma asimame atembee. Papa Kalonda alivua shati, akasukuma kuliko mimi, akamshika kichwa muda wote kama kichwa cha mutoto. Hakunicheka. Hakuniita Kijiko hata mara moja.

"Pole, Papa," alisema. "Kama ningejua kiasi…"

Nilikuwa naangalia kamba za viatu vyangu, zilizofungwa vizuri sana.

Na kama ningefika mapema kidogo, je?

Minista alikufa saa nane mchana. Beseni bado liko kwa Papa Kalonda.