Mulango ya Pili ya Infirmerie

Mardi, usiku

Kabeste kangu, rafiki ya roho, leo Amani, mwenzetu wa masomo, alikufia mu infirmerie, chumba ya bagonjwa ya internat yetu ya kulala, mi nikimusikia anaita mama yake tu. Na mama yake alikuwa inje ku portail, mulango kubwa ya masomo, ametoka Kibumba na supu. Sentinelle, mulinzi wa pale, alimukatalia kuingia: "Mama, bazazi banaingia dimanche tu, Jumapili."

Infirmerie imeegemea ukuta ya barabara, lakini mulango yake iko mu cour tu, ndani ya uwanja ya masomo. Zamani mi nilichoraka ku téléphone yangu mulango ya pili, ya ku barabara, bamama baingilie pale. Préfet, mukubwa wa masomo, alinicheka: "Weye architecte wa téléphone, hapa ni masomo, haiko hôpital."

Leo jioni mama ya Amani alinikamata mukono: "Mwanangu, aliniita?"

Nilikimbia. Kesho tunazika, ataniuliza tena. Nikisema ndiyo, itamuuwa. Nikisema hapana, ni uongo, na atazani mutoto alimusahau...

We ungemujibu nini?